Nyayo za kaboni za hoteli: anza na daftari la jenereta

Swali: Nasimamia hoteli ndogo Mombasa. Wageni wameanza kuulizia nyayo zetu za kaboni. Nianzie wapi?

Jibu: Kwa mhasibu. Kusanya risiti za dizeli, gesi ya mitungi na umeme za miezi 12. Mwongozo unaotumika zaidi duniani, GHG Protocol, uliotoka mwaka 2001, unagawa hesabu mafungu matatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na yanayotokea kwa wengine kwa ajili yako, kama vyakula unavyoagiza na taka zako. Fungu la tatu ni gumu, na mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo usilifiche.

Swali: Lita zinageukaje kilo?

Jibu: Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hushangaa, maana lita yenyewe haifiki kilo moja. Uzito unaozidi unatoka hewani, kaboni ya mafuta inaposhikana na oksijeni. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikanywa lita 40, umetoa kilo 108.

Swali: Na umeme wa gridi?

Jibu: Tumia kiwango cha Kenya cha hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme. Mvuke wa Olkaria, maji na upepo vinabeba sehemu kubwa ya umeme wetu. Kiwango cha nchi ya makaa ya mawe kitakudanganya.

Swali: Kipi husahaulika?

Jibu: Gesi ya AC, na hili linaniuma. Fundi anakuja, anafunga mpira wa geji, anajaza, anaondoka. Risiti inasema "huduma ya AC", basi. Kumbe kilo moja ya gesi ya AC aina ya R-410A ikivuja hupasha joto dunia sawa na takriban tani 2 za hewa ukaa, yaani zaidi ya lita 700 za dizeli! AC nzima haili gesi. Ukiona inajazwa kila mara, ujue inavuja. Fundi aweke mtungi kwenye mizani kabla na baada ya kujaza, aandike tofauti. Na atafute tundu alizibe kwanza.

Swali: Risiti zikiwa zimepotea?

Jibu: Kadiria, na useme wazi umekadiriaje. Jenereta ina mita ya saa: zidisha saa hizo kwa lita inazokunywa kwa saa. Kuanzia leo daftari likae pale pale kwenye jenereta, kalamu imefungwa kwa kamba.