Kuulizwa Kabla ya Uamuzi: Mashauriano ya Utatu kuhusu Viwango vya Kazi vya Kimataifa

Kila mwaka nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) hukutana Geneva kujadili mikataba inayogusa mapumziko, mshahara na usalama wa mtu kazini. Kila nchi ina wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Ila mjumbe aliyefika Geneva bila wenzake kuulizwa nyumbani hana mengi ya kusema. Ndiyo maana mwaka 1976 ulipitishwa Mkataba namba 144, unaozitaka serikali zishauriane na waajiri na wafanyakazi. Tanzania iliuridhia mwaka 1983, Kenya mwaka 1990.

Dodoso linapofika wizarani

Chukua Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa mwaka 2011. Kabla haujaandikwa, ILO ilizitumia serikali dodoso. Afisa anaweza kulijaza peke yake akamaliza kwa siku chache. Lakini je, anajua dada wa kazi huamka saa ngapi na hulala saa ngapi? Anajua hali ya mwajiri ambaye naye ni mwajiriwa, anayemlipa dada huyo kutoka kwenye mshahara wake mdogo? Hayo yanajulikana na chama kama CHODAWU cha Tanzania, kinachowaunganisha wafanyakazi wa majumbani, na yanajulikana na waajiri wenyewe. Mkataba ulipokamilika, uliweka mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Sharti la namna hiyo halitekelezeki kama wanaolipa na wanaolipwa hawakusikilizwa.

Mkataba namba 144 hauishii kwenye madodoso. Pande tatu hushauriana pia mikataba mipya inapopelekwa bungeni, mikataba ambayo haijaridhiwa inapopitiwa upya, ripoti zinapoandaliwa kwenda ILO, na nchi inapotaka kujitoa katika mkataba. Mashauriano yafanyike angalau mara moja kwa mwaka. Waajiri na wafanyakazi huchagua wawakilishi wao wenyewe, serikali haiwachagulii. Nao huketi kwa usawa.

Kushauriana si kutaarifiwa

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi. Barua inayofika chamani wakati ripoti imekwisha kutumwa ni taarifa tu. Serikali hailazimiki kukubali kila hoja, na uamuzi wa mwisho ni wake, lakini maoni lazima yatolewe wakati bado yanaweza kubadili jambo. Waajiri na wafanyakazi wapewe nyaraka mapema, wapate muda wa kuzisoma na kuwauliza wanachama wao.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii (LESCO), ambamo pande zote tatu hukaa na kuishauri serikali. Waajiri wana chama chao, ATE. Vyama vya wafanyakazi vina shirikisho lao, TUCTA.

Wewe uanzie wapi?

Anzia kwenye tawi lako la chama cha wafanyakazi. Muulize kiongozi ni ripoti gani inaandaliwa mwaka huu, na chama kimesema nini. Mweleze yanayotokea kazini kwako, pamoja na tarehe. Serikali inatakiwa kuvipa vyama nakala ya ripoti yake. Chama kikiona ripoti imeacha jambo, kinaweza kupeleka maoni yake ILO, na Kamati ya Wataalamu ya shirika hilo huyasoma sambamba na ripoti ya serikali.