Upatanisho wa Kisarufi: Ndege wa Ziwani na Ndege ya Abiria

Soma kifungu kifuatacho:

Mwezi Januari, baridi inapozidi Ulaya, wanachuo walitembea kwa kikundi kando ya Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe, kuwatazama shakwe waliohamia huko. Ghafla ndege wawili wakubwa waliruka kutoka kwenye mafunjo. Punde si punde ndege kubwa ikapita juu, ikielekea uwanjani. Korongo mmoja hakushtuka. Alibaki amesimama majini.

Maelezo

Nomino *ndege* haibadiliki umbo katika umoja wala wingi. Upatanisho ndio unaodhihirisha maana. Ikitaja kiumbe hai, hufuata ngeli ya A-WA: *ndege mkubwa ameruka*. Ikitaja chombo cha usafiri, hufuata I-ZI: *ndege kubwa imeruka*. Vivyo hivyo, *korongo huyu* ni ndege, ilhali *korongo hili* ni bonde lililochimbwa na maji.

Kwa mwalimu

Mwanafunzi akiandika *ndege zimeanguka ziwani* akikusudia shakwe, msomaji atadhani pametokea maafa. Chanzo cha kosa huenda ni lugha ya kwanza: katika Kiganda husemwa *ekinyonyi kibuuka*, kitenzi kikifuata ngeli ya nomino hata kwa kiumbe hai. Kwa hiyo usisahihishe kiambishi tu; linganisha lugha hizo mbili.

Zoezi

Andika kwa wingi:
(a) Shakwe yule anaelea.
(b) Ndege ile inatua.
(c) Korongo lile limejaa maji.