Tramadoli, Kodeini na Mofini: Jamii Moja, Nguvu Mbalimbali
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Nyasubi, Kahama

Mtu ametoka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, mgongo umemkaza. Mwenzake anatoa mfukoni kapsuli alizoandikiwa hospitalini alipovunjika mguu: "Meza hizi mbili, utalala vizuri." Anampa kwa huruma. Lakini kipimo kilichomfaa yeye kinaweza kumzimisha mwenzake.

Tramadoli, kodeini na mofini ni dawa za jamii ya afyuni. Zote hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, maumivu yakapungua makali. Zikizidi, zote hupunguza pumzi, na hapo ndipo kifo kinapoingilia. Kwa hiyo haziuzwi bila cheti cha daktari.

Kosa linaloua ni kulinganisha miligramu. Ukiona 50 kwenye pakiti ya tramadoli na 10 kwenye ya mofini, usidhani tramadoli ndiyo kali. Mofini ya kunywa miligramu 10 inakaribia kodeini miligramu 100. Tramadoli miligramu 50 inakaribia mofini miligramu 5 tu. Fentanili, dawa nyingine ya jamii hii, ina nguvu kama mara 100 ya mofini, ndiyo maana hupimwa kwa mikrogramu. Hesabu hizi ni za kukadiria, wala hazitoshi kubadilishia dawa nyumbani. Rangi ya kapsuli nayo haikuambii lolote.

Kodeini, ambayo huwamo pia katika baadhi ya dawa za kikohozi, hugeuzwa na ini kuwa mofini. Wapo ambao ini lao huigeuza haraka mno, na wapo ambao kwao haifanyi kazi kabisa; huwezi kuwatambua kwa macho. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe, na mama anayenyonyesha asiitumie, kwani hupita kwenye maziwa. Kidonge cha kodeini kikiwa kimechanganywa na paracetamol, usiongeze Panadol, ambayo nayo ni paracetamol, juu yake, maana ini ndilo litakaloumia.

Tramadoli ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Haikomei kwenye maumivu. Inagusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, na inaweza kuleta degedege. Mwenye kifafa, aliyeumia kichwa, au anayetumia dawa za sonona amwambie daktari kabla ya kuipokea. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni miligramu 400 kwa siku. Wazee na wenye ugonjwa wa figo hupewa pungufu. Nayo isipewe mtoto wa chini ya miaka 12. Ghana na Nigeria, vijana wengi wamenasa kwa kuimeza ili wafanye kazi nzito bila kusikia uchovu. Mchimbaji asiyesikia maumivu hajui kama mwili wake umeumia, na duara halimsamehe aliyelewa.

Mofini inaogopwa isivyostahili. Mgonjwa wa saratani anapoandikiwa mofini ya maji, familia hudhani amekatiwa tamaa. Sivyo. Taasisi ya Saratani Ocean Road huwapa wagonjwa wake dawa hii, nao hulala, hula na kuzungumza na watoto wao. Akiitumia kama alivyoelekezwa, haiharakishi kifo. Huleta choo kigumu, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha. Soma lebo kila mnapopewa chupa mpya: ipo yenye miligramu 5 katika kijiko cha chai, na ipo yenye 50.

Usichanganye yoyote kati ya hizi na gongo, bia wala dawa za usingizi. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida au anapumua kwa nadra, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Ipo dawa ya kumrudisha, naloksoni, lakini lazima uwahi.

Aliyetumia dawa hizi za maumivu kwa wiki nyingi asiache ghafla. Daktari atampunguzia taratibu. Na kila uendapo zahanati au hospitali, beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata zilizokwisha, umwoneshe mhudumu.