Shukrani Haitozwi kwa Upanga

Machi 2003 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliivamia Iraki kwa hoja kwamba ilificha silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikuonekana, na raia maelfu kwa maelfu waliangamia. Walakini, Januari 2007, Rais George W. Bush alisema katika televisheni kwamba Wairaki wanadaiwa na Wamarekani deni kubwa la shukrani.

Ni kweli Saddam Hussein alikuwa dhalimu. Lakini je, amwuaye nyoka nyumbani mwako, kisha akaibomoa nyumba juu ya wanao, atakudai asante?

Dai hili si geni. Firauni alimsimbulia Nabii Musa a.s. malezi aliyompa utotoni. Musa akamwuliza: Je, hiyo ndiyo neema, hali umewafanya Wana wa Israeli watumwa? Habari hii imo katika Sura Ash-Shuaraa.

Kurani Tukufu yafundisha kwamba masimbulizi hubatilisha hata sadaka safi. Basi itakuwaje kwa kile kisichoombwa, kilicholetwa kwa mabomu? Mwenye kudhulumu kwanza huomba msamaha, shukrani haidai.