Kutoka Tovutini hadi Darasani: Namna ya Kupata Vyanzo vya Kuaminika vya Somo la Afya

Mkufunzi wa chuo cha uuguzi anapoandaa somo la kumhudumia mtoto aliye mahututi, na muuguzi wa kliniki anapojiandaa kuzungumza na akina mama asubuhi, wote wawili hukabiliwa na swali moja: haya yatakayofundishwa yametoka wapi? Zamani jibu lilikuwa kitabu kilichokuwapo maktabani, hata kama kilikuwa kimechapishwa miaka mingi iliyopita. Leo simu ya mkononi hufungua maelfu ya kurasa kwa dakika moja. Tatizo limebadilika sura: kazi kubwa sasa si kupata maandishi, bali kuyachambua. Kazi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa kosa la darasani haliishii darasani. Mwanafunzi hulibeba hadi wodini, na mgonjwa hulibeba hadi nyumbani.

Makala haya yanaeleza tofauti ya vyanzo, yanatoa mfano mmoja wa kina, yanataja tovuti zinazofaa kuanzia, na yanaonesha namna ya kuvigeuza vyanzo hivyo kuwa somo.

Chanzo cha msingi na chanzo cha upili

Chanzo cha msingi ni maandishi ya wale waliofanya kazi yenyewe: ripoti ya jaribio la dawa iliyoandikwa na watafiti waliolifanya, takwimu za sensa au za utafiti wa kaya, au rejesta ya wagonjwa. Chanzo cha upili ni maandishi yanayoeleza kazi ya wengine: kitabu cha kiada, gazeti, kipeperushi, au ukurasa wa tovuti unaofupisha matokeo.

Kati ya hivyo viwili yapo mapitio ya kimfumo, ambayo hukusanya tafiti zote zinazohusu swali moja na kuzipima kwa pamoja, pamoja na miongozo ya matibabu, ambayo hugeuza ushahidi huo kuwa maelekezo ya kazi. Mtumishi wa afya hufuata mwongozo anapotibu. Lakini anapofundisha, inampasa pia kujua mwongozo huo umejengwa juu ya nini. Asipojua, ataukariri bila kuuelewa, na utakapobadilika hatajua sababu.

Mfano: maji ya mshipa kwa mtoto mwenye homa kali

Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba mtoto mwenye maambukizi makali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe haraka kiasi kikubwa cha maji kupitia mshipa. Mantiki yake ilieleweka: mzunguko umepungua, basi mishipa ijazwe. Vitabu vilirudia, na wakufunzi wakarudia.

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa FEAST, lililofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Katika kundi kuu, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: waliopewa haraka maji yenye albumini, waliopewa haraka maji ya chumvi, na wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka. Wote walipata matibabu mengine yaliyostahili. Baada ya saa 48, walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la kwanza, asilimia 10.5 ya kundi la pili, na asilimia 7.3 ya kundi la tatu. Kamati huru ya usalama ilikuwa imeshauri usajili wa watoto usimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kutimia.

Tofauti hiyo ni takriban vifo vitatu zaidi katika kila watoto 100. Daktari mmoja katika wodi moja hawezi kuiona kwa macho. Mtoto aliyepona baada ya kupewa maji hukumbukwa kuwa aliokolewa na maji. Aliyefariki hudhaniwa kuwa aliletwa akiwa amechelewa. Ni hesabu ya watoto wengi, waliogawanywa kwa haki, iliyoufichua ukweli huo.

Anayesoma makala yenyewe, badala ya habari zake, hupata jambo la pili lenye uzito uleule: ni watoto gani hawakuwamo. Waliokuwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika, utapiamlo mkali, au mshtuko uliotokana na majeraha au kuungua hawakuingizwa. Kwa hiyo mtu anayesikia kwa mbali kwamba “maji ya mshipa yanaua watoto”, kisha akamnyima maji mtoto aliyekaushwa na kuhara, atakuwa ameugeuza ushahidi mzuri kuwa madhara. Hapo ndipo thamani ya chanzo cha msingi inapoonekana: kinasema kilichopatikana, na pia kinaonesha mpaka wake.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliohuishwa, ukitenganisha mtoto mwenye dalili baadhi za mzunguko hafifu na yule mwenye mshtuko kamili, yaani mwenye mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya kasi, na rangi ya ngozi inayochelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde tatu baada ya kubonyezwa. Kati ya makala na mwongozo ilipita miaka mitano. Mkufunzi aliyekuwa na desturi ya kusoma vyanzo vya msingi aliweza katika kipindi hicho kuwaeleza wanafunzi wake kwamba jambo hili limetiliwa shaka. Asiyekuwa nayo aliendelea kufundisha yaliyokuwa daftarini.

Mahali pa kuanzia

PubMed ni kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyofunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 1997. Ina rekodi za makala zaidi ya milioni 35. Kwa makala nyingi huonesha ikisiri tu, lakini dada yake, PubMed Central, huhifadhi makala kamili zinazosomwa bure. Utafutaji hufanyika kwa maneno ya Kiingereza, na matokeo huwa bora swali likiwa na sehemu tatu: mgonjwa ni nani, tiba ni ipi, matokeo yanayotafutwa ni yapi.

Maktaba ya Cochrane ina mapitio ya kimfumo, kila moja likiwa na muhtasari kwa lugha nyepesi. Muhtasari huo humfaa mkufunzi anayetaka kuona jumla ya ushahidi kabla ya kuingia katika utafiti mmojammoja.

Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kulipia bure au kwa gharama ndogo. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu. Mtumishi amuulize mkutubi wa chuo au hospitali yake kabla ya kukata tamaa mbele ya ukurasa unaodai malipo.

Kwa takwimu za Tanzania, ripoti za utafiti wa hali ya uzazi, afya ya mtoto na malaria huwekwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Humo mwanafunzi ataona, kwa mfano, kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikadiriwa kuwa 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16, na 43 katika utafiti wa 2022. Akisoma sura ya mbinu ataelewa pia kwamba tarakimu hizo zinaeleza miaka mitano iliyotangulia kila utafiti, wala si mwaka mmoja.

Kwa tiba za kila siku, msingi ni mwongozo wa taifa wa matibabu kutoka Wizara ya Afya. Na anayetaka kujua kama dawa fulani imesajiliwa nchini aangalie tovuti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Maswali matano kwa kila ukurasa

Kwanza, nani ameandika, na anawajibika kwa nani? Anwani inayoishia na .go.tz ni ya serikali na .ac.tz ni ya taasisi ya elimu ya juu au utafiti. Lakini anwani inayoishia na.org au .com huweza kununuliwa na yeyote.

Pili, imeandikwa lini? Mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa mgonjwa wa kuhara ni mfano mzuri. Fomula ya zamani ilikuwa na sodiamu milimoli 90 kwa lita. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 inayopendekezwa ni milimoli 75. Bango lenye tarakimu ya kwanza linaweza kuwa safi na zuri, lakini limepitwa na wakati.

Tatu, linataja chanzo, na chanzo hicho kinasema hivyo kweli? Mara nyingi msomaji akifuata kiungo hukuta utafiti uliofanywa kwa panya, huku ukurasa ukizungumzia binadamu.

Nne, makala yenyewe bado imesimama? Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya watoto 12 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, lakini hadi leo wapo wanaoinukuu. PubMed huweka alama iliyo wazi juu ya makala zilizofutwa. Ni wajibu wa msomaji kuitazama.

Tano, nani anafaidika nikiamini? Ukurasa unaomaliza kwa namba ya simu ya kuagizia dawa ni tangazo, hata ukivaa vazi la elimu.

Kupeleka chanzo darasani

Makala ya kurasa kumi haipelekwi darasani nzima. Njia inayofaa ni kuchagua jedwali moja. Katika somo la FEAST, mkufunzi aanze kwa kuwauliza wanafunzi wangempa mtoto huyo nini, na kila mmoja aandike jibu lake. Kisha awape jedwali la vifo bila maelezo, walisome wawili wawili na kusema wanaona nini. Baadaye awape orodha ya watoto ambao hawakuingizwa, waseme somo hilo linawahusu wagonjwa gani. Mwisho walinganishe na mwongozo wa taifa. Saa moja hutosha, na wanafunzi hutoka na desturi ya kuuliza. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, makala hupakuliwa mapema na kuchapwa.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa: utafiti mmoja haubadilishi tiba wodini kwa uamuzi wa mtu mmoja. Huanzisha mjadala, mwongozo ndio hufunga.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mgonjwa hahitaji jedwali, lakini ana haki ya kujua. Tovuti ya MedlinePlus, inayotolewa na maktaba ileile yenye PubMed, ina sehemu ya maelezo kwa Kiswahili. Mtumishi anaweza kumwonesha mgonjwa ukurasa huo kwenye simu yake mwenyewe kabla hajaondoka kliniki.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ujumbe unaosambazwa ukidai kuponya maradhi ya kudumu. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anayeacha insulini kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo huweza kuzidiwa ndani ya siku chache na kupoteza maisha. Mgonjwa anayeuleta ujumbe kliniki na kuuliza asichekwe wala asikemewe. Amefanya jambo la busara kuliko wengi. Usomwe pamoja naye kwa maswali matano yaliyotajwa, naye ajionee mwenyewe unapoanguka. Akili za kuambiwa, wahenga wa mjini husema, changanya na zako. Kazi ya mtumishi wa afya ni kumpa mgonjwa kitu cha kuchanganyia.

Maswali ya kujadili

1. Chagua jambo moja unalolifundisha kila wiki. Je, unaweza kutaja utafiti au mwongozo lilikotoka, na mwaka wake?
2. Kwa nini matokeo ya FEAST hayatumiki kwa mtoto aliyekaushwa na kuhara?
3. Tafuta bango moja lililobandikwa katika kituo chako. Lilichapishwa mwaka gani, na nini kimebadilika tangu hapo?
4. Mgonjwa amekuletea ujumbe kuhusu dawa ya mitishamba inayotibu shinikizo la damu moja kwa moja. Utaanza na swali lipi kati ya yale matano, na kwa nini?