Mtoto Aliyedhurika Katika Kuzaliwa, na Haki Yake Juu ya Babaye

Ajue Muislamu ya kuwa mtoto aliyepatwa na dhara katika kuzaliwa ni amana mkononi mwa babaye, na amana haitunzwi ila kwa ilimu. Wako wasemao ni pepo, na wako wamtupiao mama lawama. Kauli zote mbili hazina asili, nazo huchelewesha matibabu.

Katika madhara hayo, mawili yajulikana sana. La kwanza ni la mkono: bega la mtoto hukwama katika uzazi, mishipa ya fahamu itokayo shingoni ikavutika, na mkono ukalegea. Wengi hupona kwa miezi michache. Lakini ambaye hata mwezi wa 3 hajaweza kukunja kiwiko, yapasa apelekwe kwa tabibu mjuzi wa mishipa hiyo.

La pili ni la ubongo: mtoto akikosa pumzi, ubongo huweza kudhurika, na viungo vikakakamaa. Huo ndio utindio wa ubongo, ambao tabibu William John Little aliueleza mjini London mwaka 1861. Wataalamu wa leo wamebainisha kuwa wengi wa wenye utindio walidhurika kabla ya uchungu wa uzazi. Basi mkunga asihukumiwe kwa dhana. Dhara la ubongo lenyewe halizidi, lakini mwili usipozoezwa viungo hufungana. Kwa hivyo mazoezi huanza mapema, wala hayaachwi.

Na lililo kubwa ni hili: hukumu ya mali hufuata akili, si viungo. Wako ambao ulimi wao ni mzito na akili yao ni timamu. Kijana kama huyo akibaleghe na kuonekana mwongofu katika mali, hukabidhiwa mali yake, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6. Mwenye upungufu wa akili ndiye abakiaye chini ya walii. Baba asiyechunguza tofauti hii humdhulumu mwanawe naye adhani amrehemu.

Ama nafaka, asiyeweza kuchuma wala hana mali haikatiki nafaka yake kwa kubaleghe.

Na baada ya mauti je? Ulemavu haupunguzi fungu la mirathi wala hauliongezi. Mtu akiacha mke, wana wawili na binti mmoja tu, na shilingi 40,000 baada ya madeni na wasia, mke hupata 5,000, kila mwana 14,000, na binti 7,000. Hizo 14,000 zitamtunza asiyeweza kuchuma kwa muda gani? Wala kumwusia zaidi hakupiti ila warithi wengine waridhie.

Basi baba na atengeneze angali mzima. Aweza kumpa hiba, na haja ya mtoto ni udhuru wa kumzidisha. Au aweke nyumba wakfu, pato lake liwe la matunzo yake. Na ikiwa babu hayupo, amteue wasii mwaminifu. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, mama mwenye sifa zake ni aula kuliko wengine. Yote yaandikwe mbele ya Kadhi na mashahidi, kwani ahadi za jamaa zitolewazo matangani husahauliwa upesi, na mtoto huyo hawezi kuzidai.

Wallahu aalam.