Hezekia Alipogeukia Ukuta
Somo: 2 Wafalme 20:1-7; Marko 14:32-42

Mchungaji ameniomba niandike yale niliyofundisha kwa akina mama, kwa sababu wengi walinifuata nje ya kanisa na maswali.

Siku daktari aliponiambia uvimbe kwenye titi langu ni saratani, sikusikia neno lingine baada ya hilo. Yeye aliendelea kuongea, mimi natikisa kichwa tu. Nilijikuta stendi nimeacha matatu nne zipite. Nikafika nyumbani, nikaosha vyombo. Hofu yenyewe ilikuja saa tisa za usiku, na tangu siku hiyo ikazoea kuja saa hiyo hiyo.

Nilimwambia dada mmoja mwombaji, mtu ninayempenda sana. Akanishika mkono haraka: "Mama, usilikiri hilo neno! Ukilikiri umelipokea." Najua alitaka kunisaidia. Lakini nilichosikia mimi ni kwamba hofu yangu ni dhambi juu ya ugonjwa. Basi nikanyamaza. Jumapili nikiulizwa hali, ni "niko sawa, Mungu ni mwema." Karatasi ya kwenda kuanza matibabu ikakaa chini ya godoro wiki tano. Wiki tano, wapendwa! Uvimbe haukuwa unaningojea nikomae kiimani.

Aliyenitoa hapo ni Hezekia. Wala sikuwa namtafuta, ilikuwa tu zamu yangu ya kufundisha watoto. Huyu hakuwa mtu wa imani haba: sura ya 18 inamweka juu ya wafalme wote wa Yuda kwa kumtumaini Bwana. Alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala 29. Ukitoa ile 15 aliyoongezewa, utaona alipougua alikuwa na kama miaka 39, kazi zake bado ziko nusu. Nabii Isaya anaingia na habari kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa. Mfalme anafanya nini? Anageukia ukuta, anaomba, analia sana. Hakuikemea habari. Hakujifanya hajaisikia. Ukisoma aliyoandika baadaye, katika Isaya 38, anasema alilialia kama ndege, na mifupa yake ikawa kama inavunjwa na simba. Hayo ndiyo maombi yaliyojibiwa, tena kabla Isaya hajatoka kwenye ua wa kati.

Sasa angalia mstari wa 7, ule tunaoupita mbio. Mungu ameshasema atamponya, hata miaka ameitaja. Halafu Isaya anaagiza tini ziletwe, ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba tini ni kukosa imani. Nilifunga Biblia, nikaenda nikainua godoro.

Kule Gethsemane nako nilijifunza kitu. Kabla Yesu hajaenda mbele kidogo kuomba, aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana jinsi nafsi yake ilivyolemewa na huzuni. Aliwaambia watu! Nami nikachagua watatu: baba watoto, mama mchungaji, na jirani yangu ambaye hata si wa kanisa letu. Kuna wakati walilala, kama wale wa kwanza. Jirani aliwahi kusahau kabisa siku ya kliniki aliyoahidi kunisindikiza. Sikumhesabia.

Nilikuwa naomba, "Bwana, ondoa hofu," na hofu haiondoki. Nikachukua daftari la mtoto nikaandika: naogopa sindano. Naogopa nywele kuisha. Naogopa karo. Naogopa kufa kabla kitinda mimba hajamaliza shule. Paulo akiwa kifungoni, katika Wafilipi 4:6, anatufundisha haja zetu zijulishwe Mungu, na mimi haja zangu nilikuwa sijazitaja hata moja. Nyingine zilikuwa za kumuuliza daktari, nyingine za watu wa SHA, na hiyo ya mwisho ni ya Mungu peke yake. Kwa daktari nilienda na baba watoto, yeye ndiye aliyeandika majibu, maana masikio ya mtu mwenye hofu hayashiki. Kemo yangu ilikuwa kila baada ya siku 21, na damu inapimwa kwanza. Kuna siku nilirudishwa nyumbani kwa sababu chembe nyeupe zilikuwa chini. Nikajua nimekwisha. Kumbe muuguzi akanieleza kwamba hilo huwapata wengi, wanangoja zipande ndipo waendelee.

Na kama usingizi na chakula vinakukataa wiki baada ya wiki, mwambie muuguzi hivyo hivyo, uombe kuonana na mshauri. Hizo nazo ni tini.

Si kila mtu anaongezewa miaka 15. Tulimzika dada wa kikundi chetu aliyekuwa na ugonjwa kama wangu, na aliomba kunishinda. Sina maelezo, na nawasihi msinipe. Namwachia Mungu swali hilo mara nyingi, na saa tisa za usiku huwa linarudi.

Bado naenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, na wiki ya kwenda silali vizuri. Kama una karatasi chini ya godoro, nitafute baada ya ibada. Mimi huketi upande wa akina mama, karibu na mlango wa jikoni. Njoo nayo, twende pamoja.